Bima ya msimu wa theluji: ya kujua kabla hujaondoka Malindi

Kaskazi ikianza kuvuma na hoteli za Malindi na Watamu zikaanza kujaa Wataliano, kule kwao nako msimu mwingine unafunguliwa. Milimani, hoteli za Livigno, Bormio, Cortina d'Ampezzo na Val Gardena hutafuta watu wa jikoni, wa vyumba na wa kuhudumia meza, kuanzia Desemba mpaka karibu na Pasaka. Kijana wa Malindi aliyezoea Kitaliano tangu utotoni ana soko huko. Kabla ya kuondoka ataulizia mshahara, chumba na nauli. Bima huulizwa mwisho, na jibu huwa neno moja: "Ipo." Neno hilo halitoshi. Bima zinazomhusu mfanyakazi wa msimu ni tatu, kila moja ina mlango wake, na ukibisha mlango usio wako hufunguliwi.

Ya kwanza ni ya kazini, nayo iko chini ya INAIL, shirika la serikali ya Italia. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake; ukiona mshahara wako umekatwa kwa jina la INAIL, uliza kwa nini. Bima hii inakushika ukiumia kazini, na pia njiani kati ya unapolala na unapofanyia kazi, mradi hukuacha njia kwa shughuli zako.

Wengi huogopa skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Mimi nasema anza kuogopa mlango wa nyuma wa jikoni. Alfajiri bado giza, maji ya kupigia deki yaliyomwagwa usiku yameganda kwenye ngazi, na barafu hiyo haina rangi: unaiona kama sakafu iliyolowa tu. Mtu anatoka na mifuko miwili ya taka, amevaa viatu vya jikoni vya soli laini. Mguu unakwenda mbele, mkono unatangulia kuuzuia mwili, kifundo cha mkono kinavunjika.

Yanayofuata ndani ya saa chache ndiyo yanayoamua kama utalipwa. Kwenye chumba cha dharura daktari atakuuliza umeumia wapi na vipi. Wako mabosi wanaomwambia kijana njiani: "Sema umeanguka nyumbani, tutaelewana." Tafadhali usikubali. Ukisema nyumbani, faili la INAIL halifunguliwi, na kuyageuza maneno hayo baadaye ni kazi ngumu mno. Ukisema kazini, daktari hutuma cheti kwa INAIL kwa kompyuta, nawe unapewa nakala yenye namba na tarehe. Mpelekee mwajiri namba hiyo siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa maandishi ili ubaki na ushahidi. Ikiwa jeraha halitapona ndani ya siku 3, yeye ana siku 2 tangu apate cheti kupeleka taarifa yake. Asipopeleka, nenda INAIL mwenyewe na cheti chako. Haki yako haipotei eti kwa kuwa mwajiri hakulipa michango. Sheria inamlinda mwajiriwa hata hapo. Inayoipoteza ni miaka: ukikaa 3 bila kudai, mlango umefungwa.

Malipo yenyewe ni hivi. Siku ya ajali ni mshahara kamili kutoka kwa mwajiri, na siku 3 zinazofuata ni asilimia 60, pia kutoka kwake. Kuanzia siku ya 4 baada ya ile ya ajali INAIL inalipa asilimia 60 mpaka siku ya 90, kisha asilimia 75 hadi upone. Ukibaki na kilema cha asilimia 6 mpaka 15 unapewa fedha mara moja. Kuanzia asilimia 16 ni malipo ya kudumu. Lakini asilimia ya nini? Ya wastani wa mshahara wa siku 15 kabla ya ajali, yaani mshahara ulioandikwa. Hapo ndipo watu huumia mara ya pili. Mkataba unasema saa 20 kwa wiki, kazi ni saa 50, zilizobaki zinalipwa kwa bahasha. Kama kwa siku umeandikiwa euro 35 na bahasha inaleta nyingine 35, hesabu ya INAIL ni asilimia 60 ya 35, yaani euro 21. Bahasha haihesabiwi popote.

Kwa hiyo kabla ya shifti ya kwanza omba nakala ya karatasi iitwayo UniLav. Ni taarifa ya ajira ambayo mwajiri lazima aitume serikalini kabla ya siku ya kuanza, mwisho wake usiku wa siku iliyotangulia. Tazama tarehe, saa za kazi na daraja. Ukiambiwa "siku hizi tatu ni za majaribio, karatasi baadaye," elewa kuwa unafanya kazi isiyoandikishwa. Mambo yakigoma, tafuta ofisi iitwayo patronato. Ziko karibu kila mji, na madai ya INAIL husaidiwa bila malipo.

Bima ya pili ni ya matibabu ya kawaida: homa, tumbo, presha. Mwenye kibali cha kazi ana haki ya kuandikishwa kwenye huduma ya afya ya taifa. Ukishaingia Italia una siku 8 za kazi kuomba kibali cha ukaaji. Risiti ya maombi hayo, pasipoti, mkataba na namba ya kodi iitwayo codice fiscale ndivyo vya kubeba kwenda ofisi ya afya ya eneo, ASL. Kosa la kila mwaka ni kwenda ASL ya mji anakokaa rafiki, pengine Bergamo au Milano. Mfanyakazi wa msimu huandikishwa kwenye ASL ya manispaa iliyoandikwa kwenye kibali, kwa muda wa kazi yake.

Ukiugua, daktari hutuma cheti INPS, shirika la hifadhi ya jamii la Italia, na mkaguzi anaweza kuja unapolala kati ya saa 4 na saa 6 mchana, au saa 11 jioni na saa 1 usiku, hata Jumapili. Bweni la hoteli mara nyingi halina majina milangoni. Mkaguzi asipokupata unahesabiwa hukuwepo na malipo yanaweza kukatwa, kwa hivyo mwambie daktari aandike jengo, ghorofa na namba ya chumba, na jina lako libandike mlangoni. Malipo ya ugonjwa hukoma mkataba unapokwisha. Na aliyekuja kwa kibali cha msimu hapati malipo ya kukosa kazi wanayopata wenyeji. Usiyaweke kwenye bajeti.

Bima ya tatu ni yako mwenyewe, nayo ndiyo inayosahauliwa. Siku ya mapumziko hoteli inakupa pasi ya lifti za kupandia mlimani, wenzako wanakuazima skii, mnapanda. Hapo INAIL haipo. Tangu tarehe 1 Januari 2022 kila anayeteleza kwenye viwanja vya skii Italia lazima awe na bima ya dhima, yaani ya kumlipa mtu utakayemgonga; ukikutwa huna, faini ni euro 100 mpaka 150 na pasi inachukuliwa. Tangu tarehe 1 Novemba 2025 kofia ngumu nayo ni lazima kwa wote. Usidhani pasi ya wafanyakazi ina bima ndani. Uliza dirishani, ya siku moja ni euro chache. Lakini fahamu vizuri: dhima inamlipa mwenzio. Goti lako halimo. Goti, ambalo kwenye skii hukatika kano kuliko kiungo kingine chochote, litapasuliwa hospitali ya umma, ila mazoezi ya miezi baada ya kurudi Malindi utayalipa mwenyewe, isipokuwa una bima binafsi ya ajali.

Wengine hununua bima ya safari huku nyumbani, ile ya viza yenye kikomo cha euro 30,000, wakadhani wamemaliza. Isome. Nyingi zinakataa kazi za mikono, na jikoni ni mikono. Nyingi zinaondoa michezo ya theluji mpaka uongeze malipo, na ukiongeza bado zinakataa nje ya njia zilizowekwa alama, au ukiwa umekunywa. Ile ya mwaka mzima mara nyingi ina ukomo wa siku kwa kila safari. Msimu wa miezi minne unaupita, na kuanzia siku hiyo huna kitu. Inunue kabla ya kupanda ndege, maana nyingi hazimpokei aliyekwisha ondoka. Ina faida yake: inafunika zile wiki za kwanza kabla ASL haijakuandikisha.

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, haikufuati Ulaya, lakini mke na watoto wako Malindi wanaitegemea. Ukiacha kazi hotelini, makato ya mwajiri yanakoma. Lipa mwenyewe mchango wa mwaka mzima kabla ya safari. Ni asilimia 2.75 ya kipato, na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Kuna kifungu kimoja watu huona uzito kukisoma, cha kurudisha maiti. Angalia kiasi chake, na angalia kama kinalipia pia mazishi huko huko. Kwa familia za Kiislamu za Malindi na Lamu hilo ni jambo kubwa, kwani maiti kusafirishwa huchukua siku na makaratasi mengi, na wapo ambao wangetaka jamaa yao azikwe haraka kwenye makaburi ya Waislamu ya huko. Zungumzeni nyumbani, muandike mlilokubaliana, na karatasi hiyo ikae kwa mtu mmoja pamoja na nakala ya bima na namba ya simu ya dharura ya kampuni. Kampuni nyingi hutaka zipigiwe kabla ya gharama yoyote kuingia, na aliyelipa kwanza kwa mfuko wake huweza kukataliwa kurudishiwa.