Nilivyoufuata moshi wa Quebec

Mdogo wangu wa kike ana pumu, na anaishi New York. Ndiyo maana mwaka 2023 nilizoea kufungua picha za setilaiti kabla hata ya kunawa uso.

Mwezi Mei, misitu ya Alberta ilipokuwa ikiungua, niliona utando wa kijivu umetambaa kutoka magharibi mwa Kanada hadi New York. Nikampigia mbio: funga madirisha, usitoke. Akatii. Jioni akaniambia, "Kaka, hapa jua limefifia tu, kama taa iliyofunikwa kitambaa. Harufu hakuna, na kifua changu kiko salama." Nikaangalia vipimo vya hewa vya karibu naye, navyo vikasema hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Kamera ya setilaiti hutazama kutoka juu, na kila kilichopo kati yake na ardhi hukiweka katika picha moja. Moshi unaosafiri kilomita kadhaa angani na moshi unaoingia puani huonekana kwa rangi ile ile. Nilikuwa nimemfungia mdogo wangu ndani kwa moshi uliompita juu kwa juu, na iliniuma, kwa sababu nilijua mara nyingine atasita kunisikiliza.

Basi nikaanza kujifunza upya. Wingu ni jeupe, lina mabonge na kingo. Moshi ni laini, wa kijivu cha ubluu au hudhurungi, na mara nyingi unaona mto au ziwa kupitia ndani yake. Utazame asubuhi au jioni: jua likiwa chini, mwanga hupenya moshi kwa mshazari na kuung'arisha. Saa sita mchana utando mwembamba hupotea kabisa machoni. Setilaiti ya GOES-16, iliyokaa juu ya Ikweta umbali wa karibu kilomita 36,000, ilikuwa ikipiga picha ya eneo hilo kila baada ya dakika tano. Ukizipanga zikacheza kama filamu, moshi unauona ukitembea.

Mwanzoni mwa Juni radi ziliwasha mioto mingi Quebec, mashariki mwa Kanada. Alama nyekundu za kifaa cha VIIRS, ambacho huutambua moto kwa joto lake katika pikseli za mita 375, zilijaa kwenye ramani. Mashariki, karibu na pwani, mfumo wa kanieneo ndogo, yaani eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, ulikuwa ukizunguka na kuuvuta moshi kuelekea kusini. Safari hii sikukimbilia simu. Nilifungua kwanza vipimo vya ardhini njiani mwa moshi: Ottawa, kisha Syracuse. Vilikuwa juu sana.

"Kaka, ni kama ile ya Mei?"

"Hapana. Huu umeshagusa ardhi."

Alikaa kimya kidogo, kisha nikasikia dirisha likishushwa. Akaziba upenyo wa chini kwa taulo mbichi, akaweka dawa yake ya kuvuta kando ya kitanda. Tarehe 7 Juni mchana alinitumia picha: anga ya rangi ya chungwa, ghorofa za ng'ambo hazionekani. Siku hiyo faharasa ya ubora wa hewa jijini mwao ilipita 400. Kuanzia 301 tayari huhesabiwa hatari kwa kila mtu.

Usiku nikapata ujumbe wake: "Nimevuta dawa mara mbili tu. Nalala."