Kahawa ya haraka
Jana nimepita kijiweni Kariakoo kupata kahawa ya haraka, nimetoka saa mbili baadaye sauti imekauka. Kosa langu ni kumkumbusha mzee mmoja wa Yanga zile 5-0 tulizowafunga sisi Simba Mei 2012. Akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, Novemba 2023 ulikuwa wapi?" Kijiwe kizima kicheko. Walitufunga tano moja, na kocha wetu Robertinho wiki haikuisha akafungashiwa virago. Nikakimbilia Zamalek ya Misri 2003, tulivyowang'oa kwao Cairo kwa penalti. "Hayo ya zamani, peleka shuleni." Na yeye dakika tano nyuma alikuwa anatusimulia ya 1935, Yanga ilipoanzishwa! Muuza kahawa, kumbe naye Mwananchi, shabiki wa Yanga, kanidai kashata mbili nisizokula.