Saa ya Uigaji Isiachiwe Skrini

Ninapoanza kuandika programu ya uigaji kwa JavaScript, iwe ni ya sayari zinazolizunguka jua, ya springi inayokwenda na kurudi au ya ugonjwa unaosambaa katika kundi la watu, swali la kwanza ninalojiuliza ni nani atakayeshika saa. Kivinjari kina saa yake, skrini ina mwendo wake wa kujichora upya, na ulimwengu mdogo ninaoujenga nao una wakati wake wa ndani. Programu nyingi za uigaji zilizoko mtandaoni huzichanganya saa hizo tatu zikawa moja, na kwa maoni yangu humo ndimo yanamozaliwa makosa ambayo jicho haliyaoni, kwa sababu picha huendelea kupendeza hata pale hesabu zilizo nyuma yake zimekwisha kupotoka.

Lugha yenyewe haikukusudiwa kazi hii. Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 akiwa Netscape, na toleo la mwanzo alilikamilisha kwa siku 10, kwa lengo la kuzipa kurasa za wavuti uhai kidogo. Hata hivyo sioni lugha nyingine ambayo leo ingemwezesha mwanafunzi kufungua ukurasa, kusogeza kitelezi na kuona papo hapo jinsi uvutano unavyoipinda njia ya sayari, bila kusakinisha chochote. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002, ulianza kwa Java na Flash, kisha ukaziandika upya programu zake nyingi kwa HTML5 na JavaScript ili zifunguke katika kifaa chochote chenye kivinjari. Urahisi huo wa kumfikia msomaji ndio unaonifanya niipende lugha hii, na ndio pia unaoniongezea wajibu wa kuhakikisha kwamba anachokiona ni sahihi.

Tuchukue mfano mwepesi kuliko yote: kitu chenye uzito wa kilo 1 kilichofungwa kwenye springi inayovuta kwa nyutoni 1 kwa kila mita inayorefuka. Kikivutwa na kuachiwa, pasipo msuguano wowote, kinapaswa kwenda na kurudi daima kwa umbali uleule, kwani nishati yake haina pa kwenda. Njia ambayo karibu kila anayeanza huiandika ni ile ya Euler: nafasi mpya ni nafasi ya zamani ikijumlishwa na kasi mara hatua ya muda, yaani kipande kidogo cha wakati ambacho programu huruka kila inapokokotoa, na kasi mpya ni kasi ya zamani ikijumlishwa na mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi) mara hatua hiyohiyo, huku mchapuko ukikokotolewa kutoka nafasi ya zamani. Inaonekana haina kasoro. Lakini ukiifuata kwa kalamu utagundua kwamba katika springi hii nishati huzidishwa kwa 1 ongeza kipeo cha pili cha hatua, kila hatua, bila kupungua kamwe. Hatua ikiwa sekunde 1/60, kama inavyokuwa pale skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde inapoachiwa saa, nyongeza ni sehemu moja tu kati ya 3,600. Na kwa kuwa dakika moja ina hatua 3,600, dakika hiyo ikiisha nishati imefika takribani mara 2.7 ya ile ya mwanzo. Springi imejipatia nguvu kutoka popote.

Sasa ichukue programu hiyohiyo, bila kubadilisha herufi hata moja, uifungue kwenye skrini inayojichora mara 120 kwa sekunde. Hatua inakuwa nusu ya ile ya awali, na baada ya dakika ileile nishati imefika takribani mara 1.65. Wasomaji wawili wamefungua ukurasa mmoja na kila mmoja ameonyeshwa fizikia yake, ilhali tofauti pekee kati yao ni skrini waliyonunua. Hilo kwangu si jambo dogo la kiufundi la kuachwa lipite.

Kosa la kwanza, lile la nishati, lina tiba ambayo bado hunistaajabisha kwa wepesi wake. Badilisha mpangilio wa mistari miwili, ili kasi ikokotolewe kwanza na nafasi itumie kasi ambayo imeshasahihishwa (katika springi hii mchapuko ni hasi ya nafasi):

kasi = kasi - nafasi * hatua;
nafasi = nafasi + kasi * hatua;

Kwa hatua ya sekunde 1/60, nishati sasa hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika asilimia moja, na hubaki hapo hata programu ikiachwa usiku kucha. Hakuna hesabu iliyoongezwa. Njia ya Verlet, ambayo Loup Verlet aliitumia mwaka 1967 kuiga mwendo wa chembe 864 za kimiminika, ni ya ukoo huohuo na ina usahihi zaidi, ndiyo maana kwa sayari na molekuli huichagua hiyo. Wapo wanaopendekeza njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne kwa kila kazi. Usahihi wake katika hatua moja ni mkubwa kweli, lakini katika mizunguko mingi nishati huteleza polepole kuelekea upande mmoja, na kwa uigaji unaokusudiwa kwenda muda mrefu ningependelea kosa dogo linalozunguka papo hapo kuliko kosa dogo zaidi linalosafiri.

Kosa la pili, la skrini kushika saa, linahitaji mpangilio mwingine wa programu nzima. Funksheni ya requestAnimationFrame huita msimbo wako kila skrini inapokuwa tayari kuchora, na wengi huchukua muda uliopita tangu mwito uliotangulia na kuufanya ndio hatua ya hesabu. Mimi huuweka muda huo kwenye akiba. Akiba ikitosha hatua moja, uigaji hupiga hatua moja na akiba hupunguzwa; ikitosha tatu, hupiga tatu; isipotosha, hakuna kinachokokotolewa na mchoro hupata nafasi iliyo kati ya hali mbili za mwisho. Hatua yenyewe haibadiliki kamwe. Kwa kawaida huifanya sekunde 1/128, na namba hiyo nina sababu nayo: JavaScript huhifadhi namba zake za kawaida kwa biti 64 katika msingi wa mbili, ambamo 1/128 huandikika kwa ukamilifu, ilhali 0.1 haiandikiki. Jumlisha 0.1 mara kumi na lugha itakujibu 0.9999999999999999, jumlisha 1/128 mara 128 na utapata 1 kamili.

Akiba hiyo lazima iwekewe kikomo. Mtu akihamia kichupo kingine, kivinjari husimamisha miito ya kuchora, na akirudi baada ya nusu saa programu huletewa nusu saa nzima kwa mkupuo. Asiye na akiba atazirusha sayari zake nje ya mfumo kwa hatua moja kubwa. Aliye nayo bila kikomo atakifanya kivinjari kigande kikijaribu kulipa deni lote. Mimi hukata chochote kinachozidi robo sekunde, nikikubali kwamba ulimwengu ule ulisimama wakati hakuna aliyeutazama.

Suala la wakati halipo kwenye mwendo wa vitu peke yake. Katika mchezo wa uhai ambao John Conway aliutunga na ambao ulifahamika mwaka 1970, kila seli hutazama majirani wake 8 ili kujua kama itaishi au itakufa, na sheria inataka seli zote ziamue kwa pamoja. Ukitumia safu moja, yaani orodha moja ya seli zote, na kuibadilisha huku ukiisoma, seli za mwisho zitakuwa zinatazama majirani walioingia katika kizazi kijacho tayari, na utakuwa umetunga mchezo mwingine kabisa. Panahitajika safu mbili, moja ya kusoma na moja ya kuandika, zinazobadilishana zamu kila kizazi.

Vivyo hivyo kwa magonjwa. Kielelezo cha Kermack na McKendrick cha mwaka 1927 hugawanya watu katika wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliokwisha kutoka katika mzunguko wa maambukizi, nacho kinatumia viwango vya kila siku. Tuseme wagonjwa wanapona kwa kiwango cha 0.5 kwa siku. Anayeiga mtu mmojammoja hushawishika kuzidisha kiwango kwa hatua na kuita jibu hilo uwezekano: kwa hatua ya siku moja anapata 0.5, na kwa hatua za robo siku, wanaopona ndani ya siku hiyohiyo wanakuwa takribani 0.41. Ugonjwa umebadilika kwa sababu mwandishi amebadilisha hatua. Uwezekano sahihi ni 1 toa e (takribani 2.718) kwa kipeo cha hasi ya kiwango mara hatua, na hapo siku moja hutoa takribani 0.39 hata ukiigawanya vipande vingapi.

Uigaji wa aina hiyo hutegemea namba nasibu, na hapa lugha ina upungufu unaoniudhi kwa dhati: Math.random, funksheni yake ya kutoa namba hizo, haipokei mbegu, yaani namba ya kuanzia ambayo ingeufanya mfuatano uleule urudi. Ukiona jambo la ajabu likitokea kwenye mchoro, huwezi kulirudia ili ulichunguze. Kwa hiyo huandika kizalishi changu cha namba nasibu, ambacho hakizidi mistari michache, nikitumia Math.imul, funksheni ya kuzidisha namba nzima za biti 32, kwa kuzidisha. Kuzidisha namba mbili za biti 32 kwa alama ya kawaida huweza kuvuka 9,007,199,254,740,991, ambacho ndicho kikomo cha namba nzima zinazohifadhiwa kwa uhakika, na zikipotea biti za mwisho kizalishi huharibika kimyakimya.

Kuhusu mwendo wa programu nitasema kidogo tu, kwani mara nyingi hushughulikiwa mapema mno. Vitu 1,000 vinavyovutana vina jozi 499,500 za kukokotoa kila hatua, na ukiviongeza mara mbili jozi zinakaribia milioni mbili. Kuhifadhi nafasi zote katika Float64Array, safu maalumu ya namba za biti 64, husaidia, na kuipeleka hesabu kwa Web Worker, yaani msimbo unaokimbia kando ya ukurasa, huuacha ukurasa ukiitikia vidole vya msomaji. Lakini panapozidi hapo, dawa ni kubadilisha njia, kwa mfano ile ambayo Barnes na Hut waliichapisha mwaka 1986, inayoyachukulia makundi ya mbali kama kitu kimoja.

Saa ikishatenganishwa na skrini, uigaji mzima unaweza kuendeshwa bila kuchora chochote, na hapo ndipo upimaji wa kweli huanza. Huendesha hesabu kwa hatua fulani, kisha kwa nusu yake, na kulinganisha. Katika mifumo yenye vurugu, ambamo tofauti ndogo ya mwanzo hukua haraka, sitegemei njia mbili zilingane nukta kwa nukta: Edward Lorenz alionyesha hilo baada ya kuandika 0.506 badala ya 0.506127 na kuona hali ya hewa ya kompyuta yake ikigeuka nyingine kabisa. Hata mbegu ikiwa moja, Math.sin na Math.exp zinaruhusiwa kutofautiana kidogo kati ya kivinjari na kivinjari, na tofauti hiyo inatosha. Hapo hulinganisha wastani, mtawanyiko na umbo la jumla.

Kila uigaji ninaouchapisha huonyesha pembeni mbegu iliyotumika, urefu wa hatua na, panapohusika, nishati ya mfumo ikilinganishwa na ya mwanzo, pamoja na kitufe cha kuigawa hatua kwa mbili. Kitufe hicho kikibadilisha umbo la mchoro, hatua bado ni ndefu mno na ukurasa unarudi mezani.