Fikasi yangu na sabuni isiyotoa povu

Fikasi yangu inakaa dirishani pembeni ya cherehani, barabara ya nane hapa Ngamiani. Nimeipima kwa futikamba: inchi 14 kutoka kwenye udongo mpaka kileleni. Ni bonsai, mti wa ukoo mmoja na mkuyu, ila huu umedumazwa kwa makusudi ukae kwenye chungu kisichozidi bakuli la pilau. Wateja wakija kuchukua nguo huishika jani kwanza waone kama ni plastiki.

Mwezi wa pili ikaanza kupauka.

Mimi ni mshonaji, rangi ndiyo riziki yangu, na bado nilikosea. Nilikuwa nikimwambia kila mtu "majani yamekuwa njano" na kuishia hapo. Mteja akiniambia anataka kitambaa cha buluu namuuliza buluu gani, bahari au wino. Mti wangu mwenyewe sikuuliza.

Basi kila mtu akatibu njano yake. Jirani akasema maji yamezidi. Nikachomeka njiti ya mshikaki mpaka chini ya chungu, ikatoka na unyevu kidogo tu, haina harufu. Mizizi iliyooza hunuka, tena huwa myeusi na laini, ukiivuta ganda linakubakia vidoleni. Yangu ilikuwa migumu, ya kahawia. Mwingine akasema utitiri. Nikatandaza karatasi nyeupe ya kukatia mitindo, nikalitikisa tawi juu yake, nikasubiri kuona vidoa vinavyotembea. Vumbi tupu, na uzi mmoja wa pinki uliokuwa umenaswa sijui tangu lini. Mwingine akasema mbolea. Hiyo niliiweka, punje chache za NPK, ile yenye naitrojeni, na wiki tatu baadaye hakuna kilichobadilika.

Shangazi yeye alisema ni jicho. "Kuna mtu kautazama mti huu na hakusema mashaallah." Sikumbishia, Shangazi habishiwi. Lakini nikajiuliza, jicho gani hilo linalopiga majani machanga na kuyaacha ya zamani?

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo nilipostuka. Nilichuma majani mawili, moja la ncha ya tawi na moja la karibu na shina, nikayaweka chini ya kioo ninachotumia kutunga uzi usiku. La zamani lilikuwa kijani kizito. Lile changa lilikuwa na rangi ya ndimu iliyoiva, lakini mishipa yake yote, hata ile myembamba kama unywele, imebaki kijani. Kama mtu kalitarizi jani la njano kwa uzi wa kijani. Zuri kweli, kama si ugonjwa.

Mti unaokosa naitrojeni huanza kupauka majani ya chini, ya zamani. Naitrojeni ni kama kanga ya mama: mambo yakibana anajivua anamfunika mtoto. Mti huivuta kutoka kwenye majani makuukuu ukayapa machanga. Chuma, chakula kingine cha mti, hakiko hivyo. Chuma kikishaingia kwenye jani ni jino la dhahabu, halihami kinywa. Kikikosekana, wanaoumia ni majani yanayozaliwa sasa, na hupauka katikati ya mishipa, namna ileile niliyokuwa naitazama. Kumbe mbolea yangu ilikuwa inamlisha asiye na njaa.

Lakini udongo ni uleule na chungu kilekile, chuma kimekwenda wapi?

Jibu lilitoka uani. Shangazi alikuwa anafua, anagombana na sabuni ya mche. "Maji haya yanakula sabuni! Nusu mche umekwisha na povu sijaliona." Tangu Januari bomba la mtaani kwetu lilikuwa limepasuka, tukawa tunachota kisima cha jirani. Maji ya bomba hapa Tanga yanatoka Mto Zigi, bwawa la Mabayani. Ya kisima yamepita kwenye mawe ya chokaa, ndugu wa yale yaliyotoboka yakawa mapango ya Amboni, na yanakuja na chokaa yake, ndiyo inayokula sabuni. Birika letu lilikuwa limeota ukoko mweupe ndani. Mdomo wa chungu cha fikasi pia, nami nilidhani ni uzee wa chungu.

Nikakata ndimu, nikaukamulia ukoko ule. Ukachemka vipovu vidogo vidogo, ukisogeza sikio unasikia *shhh*. Hiyo ni chokaa. Udongo ukijaa chokaa, chuma kinakuwemo humohumo lakini kinajifunga, mizizi haiwezi kukinywa.

Ningependa kuishia hapo, lawama zote kisimani. Tone moja la ndimu likaangukia vile vijiwe vyeupe vya matumbawe nilivyookota Raskazone mwezi wa kumi na mbili, nikavipanga juu ya udongo ili chungu kifanane na kisiwa cha Toten. Vikatoa povu kuliko ukoko wenyewe. Matumbawe ni chokaa tupu. Kila nilipomwagilia nilikuwa napitisha maji ya chokaa juu ya chokaa.

Nikavitoa vijiwe. Nikabadilisha udongo, nikaweka wa msituni niliochanganya na matofali mekundu yaliyovunjwavunjwa ili maji yasituame. Kuna dawa ya chuma kwenye maduka ya pembejeo, lakini masika yalikuwa yanagonga hodi, nikaona nisubiri. Mvua ya kwanza niliiacha ioshe bati. Ya pili nikakinga ndoo tatu, na fikasi haijanywa kitu kingine tangu hapo.

Majani yale ya njano hayajarudi kuwa mazima, nayaacha yaanguke yenyewe. Wiki iliyopita limefunguka jipya, dogo kama kifungo cha shati. Nimelilinganisha na uzi wa kijani ninaoshonea sare za shule. Halijafika bado, ila linaelekea.

Ndoo zimebaki mbili. Moja Shangazi kaichukua kufulia kanga zake za Idi, na ameniita mara mbili nikaone povu.