Vijiji vingapi?

Watafiti wengi humfuata mtakwimu na swali moja: "Tupime watu wangapi?" Kama ni jaribio ambalo vyandarua vinagawiwa kijiji kizima kizima kwa kura, yaani bahati nasibu ndiyo inaamua kijiji gani kipate, swali la kuanza nalo ni vijiji vingapi.

Watu wa kijiji kimoja wanachota kisima kimoja, wanang'atwa na mbu wa dimbwi moja, wanatibiwa zahanati moja. Ukiwapima 99, wa 100 hakuongezei mengi. Mfanano huo una namba yake, kati ya 0 na 1. Chukua idadi ya watu utakaowapima kila kijiji, toa 1, zidisha kwa mfanano, kisha ongeza 1. Utakachopata, zidisha nacho sampuli ambayo ungeitumia kama kura ingepigwa kwa mtu mmojammoja.

Tuseme sampuli hiyo ni watu 800, na mfanano ni 0.02. Ukipima watu 50 kila kijiji, unazidisha kwa 1.98: watu 1,584, vijiji 32. Ukipima 100, unazidisha kwa 2.98: watu 2,384, vijiji 24. Ukipima 1,000, watu wanafika 16,784 na bado unadaiwa vijiji 17. Chini ya 16 hushuki kamwe, hata ukimpima kila mwenye pumzi. Fedha ikiwepo, iende kwenye vijiji vipya. Na hiyo 0.02 usiikisie: itoe kwenye takwimu za eneo lenyewe, na zikikupa namba mbili, shika iliyo kubwa.

Vijiji vikiwa vichache, wengi huvioanisha, viwili viwili vinavyofanana, kabla ya kura. Jaribio la Mwanza la kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza maambukizi ya VVU, lililochapishwa 1995, lilikuwa na jamii 12 katika jozi 6. Kuoanisha kunasaidia, lakini kijiji kimoja kikijitoa, mwenzake naye anapotea kwenye hesabu ya jozi.

Halafu kuna mbu, ambaye hajui mpaka wa kijiji. Muleba, mkoani Kagera, maeneo 48 yaligawanywa mafungu manne kujaribu vyandarua vyenye PBO (kemikali inayoipa nguvu dawa ya chandarua) na upuliziaji wa dawa ukutani. Kila eneo lilichorwa kama yai: kiini na ute. Kinga inatolewa kote, watoto wanapimwa kwenye kiini tu. Ukipima hadi ukingoni, mbu wa jirani wanaififisha tofauti unayoitafuta.

Kosa linaloniuma zaidi ni kuandikisha watu baada ya kura. Muuguzi akishajua zahanati yake imepata dawa mpya, atawaita na wagonjwa ambao mwenzake wa zahanati ya pili angewaacha nyumbani. Hapo makundi hayalingani tena, na programu ya takwimu haina cha kukuokoa. Orodha ya kaya ikamilike na ifungwe, ridhaa zichukuliwe, ndipo kura ipigwe, hadharani, wenyeviti wa vijiji wakiona.

Wakati wa uchambuzi, hesabu vijiji. Ukiwachukulia wale 2,384 kana kwamba kila mmoja alipigiwa kura yake, utatangaza dawa inafanya kazi pale ambapo ni bahati tu ya vijiji viwili vitatu.