Jina la Chama Chetu
Mwezi uliopita, tukiwa watu saba katika chumba cha nyuma cha duka la vitenge pale Kariakoo, tulifika kwenye kifungu cha kwanza cha rasimu ya katiba ya chama chetu cha kujadili soko huria, yaani kifungu cha jina, na hapo ndipo tulipokwama kwa saa mbili nzima.

Baadhi walitaka jina la hayati Mzee Mwinyi, na hoja yao ilikuwa na uzito: aliyewahi kupanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa kwa nini rais aliyeingia madarakani mwaka 1985 aliitwa Mzee Ruksa. Mimi nilipinga. Mzee Mwinyi alilegeza masharti kwa sababu hali ya nchi ilimlazimu, hakuwa mhubiri wa nadharia hii; tena jina la rais lingetufanya tuonekane tawi la siasa kabla hatujafungua mjadala hata mmoja.

Nilipendekeza Frédéric Bastiat, Mfaransa mtetezi wa soko huria aliyezaliwa Bayonne mwaka 1801 na kufariki Roma mwaka 1850.

"Aliuza nini huyo?" aliuliza mwenye duka, bila kuinua macho kutoka kwenye kitenge alichokuwa akikikunja.

Hakuuza kitu, Mzee, aliandika. Nikamsimulia ombi lake la kejeli, ambamo watengenezaji wa mishumaa wanaliomba bunge liamuru madirisha yote yazibwe mchana, kwa kuwa jua linatoa mwanga bure na kuwaharibia biashara. Mzee aliacha kukunja, akacheka hadi akakohoa, kisha akaanza kututajia, mmoja baada ya mwingine, majirani zake wa mtaa ule ambao wangetia saini ombi hilo bila kulisoma.

Mwenzetu mmoja alionya kwamba majina ya watu huleta ugomvi, naye hakukosea: mwaka 1947 mwanauchumi Friedrich Hayek alipotaka jumuiya yake ya watetezi wa soko huria iitwe kwa majina ya Acton, mwanahistoria Mwingereza, na Tocqueville, mwandishi Mfaransa, mwanauchumi Mmarekani Frank Knight alikataa kuwaenzi makabaila wawili Wakatoliki, wakaishia kujiita kwa jina la mahali walipokutana, Mont Pèlerin, nchini Uswisi. Lakini jina la mlima halina kisa cha kumchekesha mwenye duka.

Bastiat alipita kwa kura nne dhidi ya tatu. Kesho yake fundi wa mabango alitutajia bei yake, ambayo huihesabu kwa herufi, na waliokuwa wakililia Ali Hassan Mwinyi wakanyamaza.