Mfuko wa jamii: kusaidiana bila kuua kikundi

Ukitaja kujitegemea, hakosi mtu wa kusema basi kila mmoja abebe mzigo wake. Azimio la Arusha la 1967 halikusema hivyo. Lilitaka kila mwenye nguvu afanye kazi, lakini likawataja wenye haki ya kuishi kwa jasho la wengine: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao taifa kwa wakati huo limeshindwa kuwapatia nafasi ya kufanya kazi. Hilo la nne husahaulika, nami naliona zito kuliko yote.

Kwa hiyo kusaidia hakuna ubishi. Kazi ni kupanga msaada utoke wapi, na vikundi vya hisa, vile ambavyo wanachama huweka akiba kwa kununua hisa, hukopeshana, kisha hugawana fedha mwisho wa mzunguko, vina jibu zuri: mfuko wa jamii, yaani fedha ya pembeni ya kusaidiana kwenye shida.

Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu wasio viongozi. Ndani kuna vifuko viwili vya kitambaa, kimoja cha hisa na mikopo, kingine cha jamii, na visichanganywe hata siku moja. Fedha ya hisa ni ya mtu, ataidai siku ya mgawanyo. Ukiichota kulipia msiba, mwisho wa mzunguko hesabu haikubali na kikundi kinavunjika kwa ugomvi. Vifuko vihesabiwe kwa sauti mwanzo na mwisho wa kikao, kila mwanachama aondoke na salio kichwani. Daftari linaweza kuchezewa, vichwa ishirini ni vigumu.

Hisa mtu hununua kwa uwezo wake, kwa kawaida moja hadi tano kwa kikao, lakini mchango wa jamii uwe sawa kwa wote, kwa kiwango ambacho aliye chini kabisa anakiweza. Mkiupandisha, wa kwanza kutoroka ni yule aliyeuhitaji.

Tuseme mko 20, kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa wiki. Hiyo ni 20,000. Mkiandika kwenye katiba ya kikundi kwamba mwenye msiba hupewa 100,000, misiba miwili ndani ya mwezi inadai 200,000 wakati mwezi mzima umeingiza 80,000. Ndiyo maana mifuko mingi hukauka mapema. Kusanyeni kwanza fedha ya malipo mawili makubwa, yaani wiki 10, ndipo mfuko uanze kulipa. Msiba ukitangulia, changeni papo hapo.

Andikeni pia kipi ni ruzuku na kipi ni mkopo usio na riba. Msiba na kulazwa hospitalini, ruzuku. Ada ya shule, mkopo wa muda mfupi. Kisipoandikwa, mwenyekiti ataamua kwa kuangalia sura ya mtu.

Kwa jirani asiye mwanachama lakini ana nguvu, kuna methali ambayo Nyerere aliipenda: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huikumbuka kwa ukali. Lakini siku mbili hizo amekula, na siku ya tatu hafukuzwi, anapewa jembe, maana yake mwenyeji analo la kumpa.

Basi mpeni jembe kweli, na mbegu za mahindi kilo 8 hadi 10 kwa eka, kabla mvua haijaanza. Ila msimpe mbegu peke yake. Mwenye njaa ataziosha na kuzipika, na mbegu za dukani zimepakwa dawa, ni sumu. Tangulizeni chakula. Debe moja la mahindi, kilo 18 hadi 20, huivusha familia ya watu watano siku kumi hivi, nayo mahindi ya shambani huchukua miezi mitatu na zaidi kukomaa. Pigeni hesabu ya madebe hayo kabla ya kumkabidhi jembe.